Mkono wa Mutahi (7): Mbuzi wa Doldol

Mliobishana wiki nzima kama Wangechi angeingia au angegeuka arudi barabarani, jibu ni hili: aliingia.

Alilisukuma lango la mabati kwa goti, kwa maana mikono ilikuwa imekumbatia mkoba wenye karatasi za hospitali. Moshi ulikuwa umejaa uani. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imeanikwa juu ya ua, bado mbichi, inachuruzika. Kando ya moto alisimama shemeji yake Gatimu, kisu mkononi.

Na kwenye benchi, katikati ya wazee wawili asiowajua, aliketi Ndiritu.

Ndiritu, nyapara wa kiwanda cha mbao cha Wambugu. Ndiye yule yule aliyewaambia watu wa bima kwamba hajawahi kumwona Mutahi maishani mwake.

"Karibu, mama," Ndiritu alisema, kana kwamba boma lilikuwa lake. "Tulikuwa tunakungoja."

"Hii mbuzi ni ya nini?"

Wangechi akakitazama kichwa cha mbuzi kilichowekwa juu ya gunia. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Watu wa hapa Naro Moru hawakati mbuzi wao masikio. Hiyo ni alama ya wafugaji wa huko juu, Doldol na mbele yake. Mbuzi huyu alikuwa ametolewa mbali.

Kisha akamwona mumewe.

Mutahi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu tangu kifundo cha mkono. Karibu mwaka mzima ulikuwa umepita tangu msumeno wa Wambugu uuchukue mkono ule; msumeno uliokuwa umeondolewa chuma cha kinga kwa amri ya tajiri mwenyewe, kwa kuwa kinga inachelewesha mbao. Sasa mkono uliobaki ulikuwa umeshika kipande cha nyama.

Alikuwa hajakiuma.

Kwa upande huo wa mlima jambo hili halifundishwi, mtu hukua akilijua. Ukimwumiza mwenzako, wazee wako wanakwenda kwake na mbuzi. Aliyeumizwa anapewa kipande cha kwanza. Akikila, neno limekufa. Halitatajwa tena mbele ya mzee wala mbele ya hakimu. Atakayelifufua anaifungulia nyumba yake mlango usiofungika.

"Mutahi," Wangechi alisema, "weka hiyo chini."

"Baba amekubali." Hakuinua macho.

Mzee Kinuthia, baba yao Mutahi na Gatimu, alikohoa kutoka kwenye kiti chake cha kamba. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Wangechi, keti kwanza. Mtu amekuja kwangu na heshima, na wazee, na mbuzi. Wewe mwaka huu wote umekuwa ukienda Nyeri. Umetuletea nini? Umetuletea 'kuja kesho'. Huyu ameleta kitu kinachoonekana."

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu hayakuwa uongo. Bima ilitaka taarifa ya mwajiri. Mwajiri alisema hana mfanyakazi wa jina hilo, labda kibarua aliyeingia uani kutafuta kuni. Hospitali ilisema daktari aliyeushona mkono amehamishwa, asubiriwe mwingine. Huyo mwingine alipokuja, alisema hawezi kutia sahihi kwa kidonda asichokiona kikiwa kibichi. Na kila mmoja wao alikuwa na sauti ya upole.

Lakini leo ilikuwa tofauti. Leo, Ijumaa, yule afisa wa kazi aitwaye Sophie alikuwa amefunga mlango wa ofisi yake na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mwajiri akikataa kuandika, niletee mtu aliyekuwa kwa huo msumeno siku hiyo. Mmoja tu. Jumanne. Nitachukua maneno yake na dai litaingia. Wiki hiyo ikiisha mwaka utakuwa umeisha, na hapo hata mimi sitaweza kukusaidia."

"Baba," Wangechi alisema, "nimeleta siku. Nimepewa siku."

"Siku hailiwi," alisema Ndiritu. "Halafu si mbuzi peke yake tumeleta. Gatimu, mwambie."

Gatimu aliinama akajifanya anageuza mbavu motoni. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mcheshi, asiyejua kuficha furaha.

"Mama Ngendo," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa jina la mtoto, na hakuna mwingine pale bomani aliyemwita hivyo. "Nimepata job. Naanza Monday."

"Kazi gani?"

"Kwa msumeno."

"Msumeno gani?"

Gatimu akamtazama kaka yake, kisha akatazama moto. "Si ni ule tu. Pale Mutahi alikuwa anasimama."

Wangechi alivuka uani, akamnyang'anya mumewe kile kipande cha nyama, akapiga mluzi. Mbwa wao Bosco alitoka mbio nyuma ya ghala. Nyama haikugusa ardhi.

"Haya. Bosco amesamehe," Wangechi alisema. "Yeye hajakatwa kitu, kwake kusamehe ni rahisi."

Mmoja wa wale wazee wageni aliangua kicheko, halafu akakumbuka alikotoka, akakimalizia ndani ya kofia yake. Mzee Kinuthia alifumba macho kama mtu aliyepigwa kofi.

Ndiritu hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Wangechi. Alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta vidole kimoja baada ya kingine, akasimama.

"Mama, mwenye boma amekula. Mwenye boma akila, nyumba imekula." Akavaa koti. "Tuonane Jumanne."

Pikapu yake ilikuwa imeshaondoka ndipo neno lile la mwisho lilipomfikia Wangechi sawasawa.

Jumanne. Nani alimwambia kuhusu Jumanne?

* * *

"Ni mimi," Mutahi alisema jikoni. "Ulinipigia simu ukiwa Nyeri. Nilifurahi, nikasema kwa sauti. Gatimu alikuwa hapa. Sidhani alitaka ubaya, Wangechi. Alikuwa anasema tu, vile yeye husema."

"Ulitaja shahidi?"

"Hukuniambia ni nani."

"Basi ni heri." Akavuta pumzi. "Angalau wewe hukula."

Mutahi alikuwa na tabia, tangu ajali, ya kuusugua mkono usiokuwapo, akipapasa hewa pale mahali vidole vilipokuwa. Aliusugua sasa.

"Supu nilikunywa," alisema. "Kabla hujafika. Baba alinipa kikombe, nikakunywa. Sikufikiria."

Nje, Bosco alikuwa akiuguguna mfupa, na sauti ya meno yake iliingia hadi ndani.

"Mimi siendi hiyo Jumanne," Mutahi aliendelea. "Usinikasirikie. Nikienda, halafu kitu kimpate Ngendo, nitamwambia nani samahani?"

Wangechi hakumkasirikia. Hata yeye, aliyemtupia mbwa nyama mbele ya wazee, alikuwa akiuogopa mlango ule usiofungika. Lakini alikuwa amempigia Sophie simu, akamweleza habari ya mbuzi, na Sophie alikuwa amejibu kwa ufupi: "Sheria haijui mbuzi. Inajua shahidi."

"Basi wewe baki," alimwambia mumewe. "Anayetakiwa ni aliyeona."

* * *

Aliyeona alikuwa mmoja tu, Mwirigi. Mmeru mrefu, mchache wa maneno hadi umzoee, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama upande wa pili wa msumeno na kuvuta mbao zinapotoka. Wangechi alimpata Jumamosi sokoni Naro Moru, akichagua viazi kana kwamba anachagua mchumba.

"Wamekuletea mbuzi na wewe?" alimwuliza alipokwisha kumweleza habari ya Jumanne.

"Mimi mbuzi ya Nyeri hainijui, shemeji. Ile ya kwetu inaongea Kimeru." Akacheka, kisha uso ukabadilika. "Nitakuja. Nilikuwa nakungoja uniulize."

"Huogopi kazi?"

"Naogopa. Lakini kuna kitu sijamwambia Mutahi." Aliweka viazi chini. "Kuondoa ile kinga, ni mimi niliondoa. Niko na spana mkononi, Wambugu amesimama hapo na mwavuli, anasema fanya haraka, watu wa Sagana wanangoja mbao zao. Nikafungua. Wiki haikuisha, mkono ukaenda."

Wangechi alimtazama tu, na Mwirigi akaelewa kwamba halaumiwi, wala hajasamehewa bado.

"Nikikosa kazini Jumanne watashuku," alisema. "Nitaingia asubuhi kama kawaida. Saa nne wakizima msumeno tukunywe chai, natoka kama naenda kwa Kagure kununua mandazi. Wewe uwe hapo. Nikitoka, sirudi."

"Na Gatimu? Amepewa mahali pa Mutahi."

"Nimesikia."

"Kinga imerudishwa?"

Mwirigi alicheka tena, lakini bila furaha. "Iko stoo. Kuku ya mlinzi inataga ndani."

* * *

Jumatatu alfajiri Wangechi alimvizia Gatimu langoni. Kijana alikuwa amevaa gambuti za kaka yake. Zilimpwaya kidogo.

"Gatimu, nisikilize. Usiguse huo msumeno mpaka warudishe kinga."

"Mama Ngendo, mtu akianza kazi na kudai, anamaliza hata kabla aanze."

"Mwambie Ndiritu tu. Mara moja."

"Mutahi alikuwa anafanya akiwaza mambo mingi. Mimi niko na macho mbili na mikono mbili."

"Hata yeye alikuwa nayo."

Hapo Gatimu alisita. Kwa kitambo kidogo alionekana mtoto, yule aliyekuwa akimfuata Wangechi mtoni siku za kwanza za ndoa yake, akimbebea mtungi. Halafu akatabasamu.

"Nikipata mshahara wa kwanza, Ngendo atavaa viatu za shule zenye hazijavaliwa na mtu. Utaona."

Akaenda zake. Wangechi alitaka kumwambia kuwa Mwirigi ataondoka kesho na kwamba upande wa pili wa msumeno hautakuwa na mtu wa kumtazama. Akajizuia. Gatimu alikuwa amekwisha kusema neno moja mahali pasipofaa.

Je, alikosea kunyamaza? Tusimhukumu upesi.

* * *

Jumanne kulikuwa na ukungu, mlima hauonekani. Wangechi aliketi kwenye kibanda cha Kagure, ng'ambo ya barabara, akilitazama lango la kiwanda. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kutoka ndani. Hakukumbuka kuliona limefungwa mchana siku nyingine yoyote.

Kagure alimpa chai bila kuulizwa. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye macho yasiyopitwa.

"Nasikia walikuletea mbuzi," alisema.

"Nani hajasikia?"

"Sikio imekatwa?"

Wangechi aliweka kikombe chini. "Ulijuaje?"

"Yetu pia ilikuwa imekatwa. Mzee wangu gogo lilimwangukia mguu pale uani, hujui? Ulikuwa hujaolewa huku. Ndiritu akaja na wazee, na mbuzi ya Doldol. Tukala." Kagure alikoroga sukari muda mrefu. "Ilikuwa tamu, Mungu anirehemu. Baadaye mguu ukaoza, tukaenda kuuliza. Wakatuambia, si mlikula?"

"Kuna wengine?"

"Kabla yetu na baada yetu. Wambugu hanunui hapa, hapa watu wataongea. Ndiritu hutoka na pikapu, anaenda Doldol, anarudi na moja. Sisi wa hapa barabarani tumezoea. Ile pikapu ikipinda kushoto inaenda Nyeri, ni mambo ya benki. Ikipinda kulia na kamba nyuma, tunaulizana: leo ni nani?"

Simu ya Wangechi ililia kwa ujumbe. Ulikuwa wa Sophie. *Niko ofisini mpaka saa saba. Usikose.*

Ndani ya kiwanda msumeno ulikuwa ukifanya kazi. Aliyekaa karibu na kiwanda kama kile huacha kuusikia, kama vile mtu anavyoacha kuusikia mto. Unalia ukiingia kwenye mbao, unavuma ukitoka. Unalia, unavuma. Wakati wa chai huzimwa, nayo sauti hushuka taratibu mpaka ifie chini kabisa, kama mtu anayesinzia.

Wangechi aliitazama saa ya simu. Bado robo saa.

Msumeno ukalia. Ukavuma. Ukalia tena, mara hii kwa sauti fupi na nene, kana kwamba umekutana na kitu kisichokuwa mbao.

Ukakatika.

Haukushuka. Ulikatika tu, na kimya kilichofuata kikajaa barabara nzima. Hata kuku wa mlinzi walisikika.

Kagure alikuwa ameinua birika kumwongezea chai. Aliirudisha mezani polepole, bila kumimina.

"Hiyo si chai," alisema.

Wangechi alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Alishika mabati ya lango akaliweka jicho kwenye ufa. Aliona migongo. Watu wamesimama duara, hakuna anayesogea, unga wa mbao ukielea juu yao kama ukungu mwingine. Hakumwona Mwirigi mrefu. Hakumwona Gatimu.

"Mwirigi!" aliita. "Mwirigi!"

Duara halikugeuka.

Kisha kutoka katikati ya ile migongo ikatoka sauti. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza kitu, mtu aliyeamka mahali asipopajua.

"Mama Ngendo?"

Mwirigi humwita shemeji. Ndiritu humwita mama. Ndani ya ua ule alikuwamo mtu mmoja tu wa kumwita hivyo.

"Fungueni!" Wangechi alilipiga lango kwa viganja. "Gatimu, niko hapa. Niko hapa!"

Injini ya gari ikawaka. Mnyororo ukafunguliwa, lango likasukumwa, na pua ya pikapu ikatokeza, Ndiritu kwenye usukani. Kule ndani ya ua, juu ya mabega ya watu, Wangechi alimwona Mwirigi hatimaye. Wanaume wawili walikuwa wamemshika mikono. Shati lake lilikuwa limelowa tangu kifuani hadi kiunoni, na damu haikuwa yake.

"Shemeji, usimwache apite!" Mwirigi alipaza sauti. "Usimwache..."

Mtu mmoja akamziba mdomo.

Wangechi alisimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti.

"Mpakie Gatimu," alimwambia Ndiritu. "Mtoe hapo mumpakie, tumpeleke hospitali."

Ndiritu aliteremsha kioo. Uso wake ulikuwa ule ule wa Ijumaa. Kwenye mkono wa koti lake unga wa mbao ulikuwa umeganda, mwekundu.

"Mama, toka njiani. Naenda kutafuta usaidizi. Unanichelewesha, na kila dakika ni ya shemeji yako."

Ni neno ambalo lingemwondoa mtu yeyote njiani, nalo lilimwondoa Wangechi. Aliruka kando. Pikapu ilimpita, na mlinzi akalivuta lango nyuma yake. Mnyororo ulizunguka mara moja, mara mbili. Gatimu alikuwa ndani. Mwirigi alikuwa ndani. Mjini Nyeri, afisa aliyekuwa akimngoja shahidi mmoja tu alikuwa akitazama saa.

Wangechi aligeuka kuitazama pikapu ikiteremka kuelekea njia panda ya barabara kuu, pale ambapo kushoto ni Nyeri na hospitali, na kulia ni Nanyuki na nyika ya Doldol iliyo mbele yake.

Nyuma, mahali ambapo mgonjwa angelazwa, palikuwa na gunia la nyasi mbichi, na juu ya gunia kamba mpya iliyokunjwa vizuri.

Ng'ambo ya barabara Kagure alikuwa ametoka kibandani, mikono yote miwili kichwani.

Pikapu ilifika njia panda, ikapunguza mwendo. Taa yake ya kulia ikaanza kuwaka na kuzima.